Ukuta Uliosimamishwa Bila Ujira: Khabari za Vijana, Mvua na Bonde la Kilombero





Siku ya Maulidi au ya harusi, sinia linapoletwa na kawa likafunuliwa, sisi watu wa Mwambao tuna desturi ya kuusifu mkono wa mpishi. Tutasifu viungo, tutasifu mchuzi, na hakosekani mzee mmoja wa kusema kwamba pilau ya zamani ilikuwa bora kuliko hii. Lakini ni nadra mtu kuuliza mchele wenyewe umetoka wapi. Dukani tunajua jambo moja tu: muuzaji akisema huu ni wa Kilombero, bei hupanda kidogo, nasi hulipa bila ya kushindana naye sana, kwani tunajua utanukia.

Basi leo, kwa idhini yako, nataka tufunge safari mpaka huko unakolimwa. Tusimame Mngeta, kata iliyo katika Mkoa wa Morogoro, kwenye njia itokayo Ifakara kwenda Mlimba. Ukiwa hapo nyuma yako imesimama milima ya Udzungwa, mirefu, imevaa msitu, na mbele yako limelala bonde tambarare ambalo wakati wa masika hugeuka kuwa kama bahari ya maji matamu. Mto wa Mngeta hushuka kutoka milimani ukaingia Kilombero. Kilombero ukakutana na Luwegu, na hapo ndipo panapozaliwa Rufiji. Rufiji nao ukashuka mpaka Utete, ukagawanyika vijito vingi katikati ya mikoko, ukamwaga maji yake baharini mkabala na kisiwa cha Mafia.

Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Kwa hiyo kamba anaowavua ndugu yetu wa Kibiti, mikoko anayoitegemea, na hata umeme wa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza ukiwa umewashwa mwaka 2024, vyote hivyo vina hisa yao katika mvua inayonyesha juu ya Mngeta. Asikwambie mtu kwamba khabari za huko ni khabari za bara zisizotuhusu.

Ninayotaka kuyazungumza ni haya. Siku hizi vijana wetu, wa shule na wa vyuo, na Alhamdulillahi hata wa baadhi ya madrasa, wanafundishwa juu ya mabadiliko ya tabianchi, yaani kubadilika kwa mwendo wa joto, mvua na upepo ambao wazee wetu waliuzoea. Wanafundishwa, kisha hutiwa katika magari na kupelekwa vijiji vyenye dhiki ili wajitolee: wapande miti, wachimbe mifereji, wawaelimishe wanavijiji. Ni jambo jema. Lakini si jipya, na bonde hili la Kilombero limekwisha kuona vijana wengi wakiletwa kujitolea, na mipango mingi ikiletwa kuwasaidia watu, kabla ya hao wa leo kuzaliwa. Anayetaka kumtuma mwanawe aijue kwanza khabari hiyo.

Kabla ya kuingia humo, nikukumbushe kisa unachokijua. Katika Suratul Kahf tunasimuliwa safari ya Nabii Musa (A.S.) pamoja na mja mwema aliyepewa ilimu makhsusi, ambaye wafasiri wetu humwita Khidhri (A.S.). Walifika katika mji mmoja, wakaomba chakula, na wenyeji wakakataa kuwakirimu. Humo mjini wakauona ukuta unataka kuanguka. Yule mja mwema akausimamisha. Musa akastaajabu kwamba watu wamewanyima hata tonge, naye anawafanyia kazi bila ya kudai ujira. Baadaye akaelezwa kuwa chini ya ukuta ule ilikuwapo hazina ya mayatima wawili, ambao baba yao alikuwa mtu mwema, na Mola alitaka wakue waje waitoe kwa mikono yao.

Tunapokisoma kisa hiki mara nyingi tunaishia kwenye subira ya Musa. Mimi huniganda kwenye ukuta. Aliyeusimamisha alijitolea, hilo ni wazi. Lakini pia alijua kilichofukiwa chini yake. Lau angekuwa mtu wa nguvu na nia njema tu, asiye na ilimu, huenda angeubomoa ule mbovu ili ajenge mpya ulio mzuri zaidi, watu wakamshangilia, na mali ya mayatima ikawa imefichuka mikononi mwa wale wale walionyima wageni chakula.

Na tulichukue hilo bondeni.

Waliolikaa bonde tangu zamani ni Wandamba, Wabena na Wapogoro, na wengine waliochanganyika nao. Katika karne ya 19 misafara ya watu wa pwani ilifika huko ikifuata pembe za ndovu na biashara nyinginezo. Wajerumani walipoingia waliliona bonde kuwa ghala la mpunga. Barabara ya maana haikuwapo. Barabara yao ilikuwa mto, na gari lao mtumbwi. Mtumbwi huchongwa katika gogo moja la mti mkubwa. Watu hawa walijua maji yatapanda mpaka wapi, wakajenga nyumba zao za kudumu mahali na vibanda vya mashamba mahali pengine, na shambani wakainua madungu juu ya nguzo ili wawe juu ya maji na waweze kufukuza ndege.

Waingereza walipotawala walikuja na elimu yao ya misitu. Hawakukosea katika kila kitu: msitu wa Udzungwa ni hazina, na mwaka 1929 sehemu yake iliyo juu ya Chita na pande za Mngeta ilitangazwa kuwa hifadhi. Lakini mwanahistoria Mmarekani, Jamie Monson, aliyelichunguza bonde hili kwa miaka mingi, ameonyesha jambo la kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Katika miaka ya 1920 mpaka 1940 serikali ile ile iliyowataka watu wa bondeni wauze mpunga zaidi ndiyo iliyowabana wachongaji wa mitumbwi kwa sheria za misitu. Afisa mmoja anataka mpunga, mwingine anazuia chombo cha kuusafirishia, na mkulima yuko katikati. Miti ilipata kinga. Aliyeishi kwa miti hiyo hakuulizwa.

Ukaja Uhuru. Tarehe 10 Julai 1963 lilianzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, na mwanzoni walioingia walikuwa vijana wa kujitolea hasa. Mwaka 1966 serikali ilipoamua kwamba wahitimu wa sekondari na vyuo nao watumikie kwa lazima, huku sehemu kubwa ya mshahara wao ikikatwa, wanafunzi waliandamana jijini Dar es Salaam tarehe 22 Oktoba, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka jinsi jambo lile lilivyozungumzwa barazani. Utumishi wa lazima ulidumu mpaka 1994, ukasitishwa, kisha ukarejeshwa mwaka 2013. Hapo Chita, jirani kabisa na Mngeta, ipo kambi ya jeshi hilo, na vijana kutoka kila pembe ya nchi wamelima mpunga katika tope lile. Na kabla ya hapo, kati ya 1970 na 1975, vijana wengine kwa maelfu walipasua bonde hilo hilo pamoja na mafundi wa Kichina, wakitandika reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia.

Siwabezi vijana wale. Reli ipo, na watu wa Mngeta waliokuwa wakitembea kwa miguu siku nyingi wakapata pa kupakia gunia. Lakini kijana aliyeshika sururu mara nyingi aliondoka bondeni akijua uzito wa sururu tu. Hakufundishwa kwa nini mto huu hufurika wala kwa nini mlima ule una maji. Ilikuwa amali ambayo ilimu yake imebaki ofisini.

Mwaka 1973, hata hivyo, lilitokea jambo ambalo mimi naliona kuwa bora kuliko yote yaliyofanywa nchini katika uwanja huu, na ambalo vijana wa leo hawalijui hata kwa jina. Ilikuwa kampeni ya "Mtu ni Afya". Wazee wanaikumbuka. Kwa muda wa wiki 12 watu wazima walikusanyika katika vikundi vidogo vidogo, chini ya mwembe au katika darasa la shule, wakiizunguka redio. Redio ikizungumza juu ya malaria, kichocho au kuhara. Kikiisha kipindi, mmoja wao husoma katika kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi. Kisha hujadiliana wao kwa wao: ugonjwa huu kwetu unatoka wapi, na sisi tutafanya nini juma hili? Baada ya mjadala huinuka wakachimba choo, wakafyeka majani, wakafukia dimbwi. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walifika kama 75,000, na watu walioshiriki walikadiriwa kuwa milioni mbili. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai", na mwaka 1980 "Misitu ni Mali".

Nisamehe nikikaa hapa kidogo. Tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Ilimu ilitoka mbali, kwa waganga na wataalamu, lakini ilipofika kijijini ilipita kwanza katika midomo ya wanakijiji wenyewe. Hakuna mgeni aliyekuja kuwachimbia choo, na hakuna mgeni aliyewahutubia akaondoka. Aliyeongoza kikundi alikuwa jirani yao, pengine kijana aliyemaliza darasa la saba, anayejua kusoma na asiyejifanya mkubwa. Ilimu na amali zilikaa katika mkutano mmoja, na kati ya hizo mbili palikuwa na mazungumzo. Wenye kupanga safari za vijana wa leo, kila mmoja na fulana yake yenye maandishi, ingewafaa kuanzia hapo badala ya kuanzia Ulaya.

Katika zama zile zile palikuwa pia na mfano wa kinyume chake. Mwaka 1968 mafuriko makubwa yaliipiga Rufiji, na baada yake watu wakahamishwa kutoka bondeni wakapelekwa nyanda za juu. Nia ilikuwa kuwaokoa. Lakini Mrufiji anajua kitu ambacho aliyemhamisha hakukipima: maji yale yale yavunjayo nyumba ndiyo yaletayo tope lenye rutuba, na yakipungua hulimwa mlau, kilimo kinachokula unyevu ulioachwa na mto bila ya kungoja mvua. Kule juu hakuna mlau. Ndiyo maana watu wengi waliendelea kushuka kwenda kulima kule walikoambiwa wapahame. Hazina ilikuwa chini ya ukuta, na ukuta ukahamishwa.

Tukirudi Mngeta tunakuta kisa kingine. Mwaka 1986 Shirika la Uendelezaji wa Bonde la Rufiji, RUBADA, liliingia ubia na Korea ya Kaskazini, likafunguliwa shamba kubwa la mpunga hapo Mngeta. Wakorea waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2008 ikaja kampuni nyingine kwa ubia na RUBADA hiyo hiyo, katika eneo la hekta zaidi ya 5,000, na mwaka 2019 nayo ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa madeni. Nani alikosea na nani aliyehamishwa kwa haki au bila ya haki, mambo hayo yana mabishano marefu. Ninalolitaka hapa ni dogo kuliko shamba lenyewe: katika miaka ile wakulima wadogo wa jirani walifundishwa kilimo shadidi.

Kilimo shadidi ni hivi. Badala ya kumwaga mbegu ovyo au kupanda miche mizee kwa mafungu, mkulima huhamisha mche mchanga wa siku 8 mpaka 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande, na badala ya kulifurikisha shamba msimu mzima hulinywesha, huliacha likauke kidogo, kisha hulinywesha tena. Mche hupata hewa, hutoa machipukizi mengi, na mavuno huongezeka kwa mbegu chache na maji machache. Na lipo la zaidi: shamba la mpunga lililotuama maji hutoa gesi iitwayo methane, ambayo ni miongoni mwa gesi zinazolipasha dunia joto; likiachwa likauke kwa vipindi, gesi hiyo hupungua. Njia hii ilianza Madagascar katika miaka ya 1980 kwa juhudi za padri mmoja Mfaransa, Henri de Laulanié. Wala tusione haya kuichukua hikma kwa padri. Waislamu waliotangulia waliichukua kwa Wayunani na kwa Wahindi.

Kijana anayeijua kazi hii, aliyeinama tope likamfika magotini, anaweza kumweleza mkulima khabari za tabianchi naye akasikilizwa. Asiyeijua atasikilizwa pia, kwani watu wa bondeni wana adabu kwa wageni, lakini akishapanda gari watarudi kwenye kazi zao kama kawaida.

Yako mengine ambayo bonde limeyaona. Mwaka 2002 lilitiwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Mwaka 2012 ikaendeshwa Operesheni Okoa Bonde la Kilombero, wafugaji na makundi ya ng'ombe wakaondolewa. Na kule Kihansi, katika milima hiyo hiyo, kabla mtambo wa umeme wa megawati 180 haujaanza kazi, wataalamu waligundua mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya manjano asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika manyunyu ya maporomoko yale. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 chura yule akatangazwa kuwa ametoweka porini. Alisalia kwa sababu wachache walikuwa wamepelekwa kufugwa Marekani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi penye manyunyu yanayotiwa kwa mipira. Watu walicheka sana: mamilioni yote hayo kwa ajili ya chura! Nami nilicheka. Siku hizi sicheki, kwani Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametujulisha kuwa kila kiumbe atembeaye ardhini ni umma mfano wetu.

Ama mfano ulio karibu zaidi na nyumba zetu ni wa kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Wazee wa huko husimulia kwamba Khidhri huyo huyo wa ukuta alifika hapo akataka msala wa kusalia. Ulipokosekana akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake, na ndiyo asili ya jina. Mwaka 1998 Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, lakini tangazo ni karatasi, na njaa ya mvuvi si karatasi. Kuanzia mwaka 1999 shirika la CARE, pamoja na taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, waliwakusanya wavuvi, walimu wa madrasa na mashekhe, wakakaa kuzungumza wakiwa na Qur'ani mbele yao: nani mwenye bahari, na sisi ni nani ndani yake? Anayevua kwa baruti huua samaki na vifaranga vyao, akavunja matumbawe ambayo ni nyumba yao. Mvuvi wa Pemba hakuhitaji kuletewa imani kutoka nje ili aelewe hilo. Alihitaji mtu wa kumwonyesha kwamba dini aliyokwisha nayo moyoni ilikuwa na neno juu ya nyavu zake. Baadaye mafunzo ya namba hiyo yalitungiwa kitabu cha mwongozo kwa walimu wa Zanzibar.

Na hapa ndipo madrasa inapoingia katika jambo hili. Mtoto wa madrasa anasoma kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha penye mto unaopita, kwamba mti aliopanda Muislamu, akila humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka, kwamba aliye na mche mkononi na Kiyama kikamfikia, akiweza aupande. Anayasoma, anayahifadhi, anafaulu mtihani. Nani amewahi kumpeleka mahali akayaona yakiwa na mizizi? Vilabu vya Malihai vilianza mashuleni mwaka 1980, na mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana barazani kwa Jane Goodall jijini Dar es Salaam ikazaliwa harakati ya Roots & Shoots, ambayo leo imeenea nchi nyingi ulimwenguni. Ilianzia kwetu, na barazani! Watoto wetu wengi walibaki nje yake, si kwa kukatazwa, bali kwa sababu sisi wazazi tuliona kwamba hayo ni mambo ya shule na dini ni mambo ya chuoni.

Hali ya hewa haikungoja tuamue. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 tunazikumbuka. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalizipiga Morogoro na Pwani pamoja na mikoa mingine. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikwisha kufa na zaidi ya 200,000 kuathirika nchini. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun. Wataalamu wanatueleza kwamba hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, na ulio juu lazima ushuke. Mvua ikichelewa huchelewa sana, na ikija huja kwa fujo.

Lakini tuwe waadilifu, ndugu msomaji. Moshi uliolipasha joto anga haukutoka katika jiko la mama wa Mngeta. Umetoka katika viwanda, magari, ndege na mitambo ya nchi tajiri kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na sehemu yake ndogo hutoka katika majiji yetu wenyewe. Kwa hiyo kijana anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kwa gari yenye kipozahewa, akasimama mbele ya mkulima mwenye jembe na kumhubiria juu ya kuharibu dunia, amekosa adabu kabla hajakosea hesabu. Mkulima yule anakata mti, ni kweli, na mti ukikatwa mlimani mto huchafuka, hilo aambiwe. Aambiwe na mtu anayejua pia kwamba anadaiwa deni lisilokuwa lake.

Miaka michache iliyopita nilipita njia ya Mlimba mwezi wa Agosti. Katika uwanja wa shule moja palikuwa na bango zuri linaloeleza kwamba miti mia kadhaa imepandwa hapo na vijana wa kujitolea. Bango lilikuwa zima. Miti ilikuwa vijiti. Nilipouliza nikaambiwa kwamba vijana walikuja mwezi wa Julai, kwa sababu ndio wakati wa likizo yao, wakafundisha vizuri sana juu ya tabianchi kwa siku mbili, wakapanda, wakapiga picha, wakaondoka. Mwezi wa Julai bondeni ni kiangazi. Mtoto yeyote wa shule ile angeweza kuwaambia, lakini hakuna aliyemuuliza. Mche mmoja tu ulikuwa na majani. Ulikuwa kando ya mahali ambapo mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi huoshea vyombo vyake.

Nilimuuliza mama yule ni mti gani. Hakujua jina walilolitaja wale vijana. Alijua tu kwamba mbuzi hawaupendi, na kwamba ukikua utampa kivuli mchana.

Mvua za bondeni huanza kushuka Novemba na Desemba, wakati ambao shule zetu za Tanzania zinafungwa. Mpunga hupandwa kuanzia hapo, na mwezi wa Januari mikono hupungua mashambani kwa wingi wa kazi. Kijana wa madrasa aliyejifunza kuotesha miche nyuma ya msikiti wake tangu Agosti, akaisafirisha kwa treni ya TAZARA mpaka huko, akafikia kwa mwenyeji badala ya hoteli, akashinda wiki mbili akihamisha miche ya mpunga kwa asubuhi na kupanda miti ya mlimani kwa jioni pamoja na vijana wa hapo, na usiku akakaa na wazee kuwauliza maji ya 1998 na ya 2024 yalifika wapi na nyumba zipi zilisalia, huyo atakuwa na khabari za kutupa akirudi. Mwaka unaofuata atataka kurudi kutazama miche yake, na hapo nauli yake ndiyo sadaka ambayo sisi tuliobaki tungeweza kuichangia, kila nyumba kwa kadiri ya gunia la mchele inalolinunua kwa mwaka.